Mzee Alisema Faharisi, Mimi Nikasikia Farasi

Waliokuwa nami wiki zilizopita wanajua niliishia wapi: nimesimama uani na ndoo ya pumba mkononi, farasi ananitazama kama mtu anayesubiri maelezo, na mke wangu amebakiza siku tano arudi.

Kwa aliyeufungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi. Aibu ikisimuliwa kwa kirefu kila wiki inamchosha hata mwenyewe.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba, nikichonga nta, nikikoroga plasta, nikipanga taya za watu kwenye rafu kama vikombe. Mke wangu, Mama Pacha, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alistaafu, akalipwa kiinua mgongo, na kabla hajatulia akaitwa kwenda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji.

Akaniingizia fedha kwenye akaunti yangu na kunipa agizo moja.

"Yule mteja wako, Mzee wa Benki, ameshika fedha za watu miaka arobaini. Muulize ziwekwe wapi, uziweke hapo hapo. Usiongeze akili yako."

Sikuongeza. Hilo naomba lieleweke.

Shida ni kwamba nilimuuliza Mzee wa Benki siku aliyokuja kupimwa. Hakuwa na jino hata moja, na mdomoni nilikuwa nimemjazia lile donge la kuchukulia alama za fizi. Akanijibu hivyo hivyo. Nikasikia: "Nunua farasi. Ikianguka usishtuke, itainuka yenyewe. Usiichungulie kila siku. Kaa nayo miaka kumi."

Nilijiuliza kidogo, mtu aliyesoma kiasi kile kwa nini aseme "ikianguka" badala ya "akianguka". Nikamsamehe. Nikadhani ngeli nazo zinahitaji meno.

Nikanunua farasi.

Sasa tuendelee na Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Mzee wa Benki alikuja kuchukua meno yake. Alivaa koti, kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Nikamkalisha, nikamvalisha ya chini, nikamvalisha ya juu, nikampa karatasi ang'ate. Akang'ata. Yalikaa vizuri.

Sisi mafundi tuna maneno ya kupimia. Mtu akiyatamka bila kupiga mluzi, kazi imekwisha.

"Sema sitini na sita," nikamwambia.

"Sitini na sita."

"Vizuri. Sasa sema neno lolote lenye fa."

Akafikiri kidogo.

"Faharisi," akasema.

Nikaiweka koleo chini.

"Umesemaje?"

"Fa-ha-ri-si. Si ile niliyokwambia ununue? Ulinunua?"

Uani farasi akapiga chafya ndefu, akamalizia kwa kugonga debe la maji kwa kwato.

"Nini hicho?" Mzee akauliza.

"Jirani."

"Jirani yako ana mapafu."

Nilijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. Nikamwomba anyanyuke, nikampeleka dirishani, nikafungua pazia. Mzee wa Benki akamtazama farasi. Farasi akamtazama Mzee wa Benki. Kisha mzee yule akaanza kucheka, akacheka mpaka meno ya juu yakamwangukia mkononi, nikajua yanahitaji kukazwa kidogo.

"Fundi," akasema alipoyarudisha, "umemlipia kwa kiinua mgongo cha mwalimu?"

"Ndiyo."

"Chote?"

"Pamoja na tandiko."

Akaacha kucheka. Akarudi kukaa, akanyoosha mkono rafuni akachukua taya moja ya plasta ya kufundishia, ya juu na ya chini, meno yote thelathini na mawili.

"Njoo hapa nikueleze, maana safari hii nina meno. Soko la hisa ni mdomo wenye maelfu ya meno. Kila jino ni kampuni. Kuna watu kazi yao ni kuchagua yaliyo makubwa, tuseme mia tano, wanayaandika kwenye orodha, na kila siku wanapima yote kwa pamoja, yamepanda au yameshuka. Namba moja inayosemea orodha nzima ndiyo faharisi."

"Kwa hiyo faharisi si kampuni?"

"Si kampuni. Haina ofisi wala mlinzi getini. Ni kipimo."

"Kipimo kinanunuliwaje?"

"Chenyewe hakinunuliwi. Kuna mifuko inayokusanya fedha za watu wengi, inanunua hisa za kampuni zote zilizo kwenye orodha ile, kwa uzito ule ule. Wewe unanunua vipande vya mfuko. Kipande kimoja kina punje ya kila kampuni."

"Uzito upi tena?"

Akagusa meno ya plasta kwa kidole. "Gego na jino la mbele, lipi linatafuna zaidi?"

"Gego."

"Basi kampuni kubwa inahesabiwa zaidi. Usisikie mia tano ukadhani zote ziko sawa. Magego machache yakiuma, mdomo mzima unajua, hata kama mengine yote ni mazima."

"Na jino likioza?"

"Linatolewa kwenye orodha, linaingizwa jingine. Wewe huitwi, wala hulipii ganzi."

Hapo nikaelewa. Nakiri kwamba nilielewa kila kitu, kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Nilielewa saa ile ile ambayo fedha zenyewe zilikuwa nje zikila majani.

"Na mdomo wote ukivimba?" nikauliza.

"Unavimba kweli. Mimi nimeuona ukipoteza karibu nusu, ukachukua miaka kurudi. Ndiyo maana nilikwambia miaka kumi. Fedha za sukari ya kesho haziwekwi huko. Na akikwambia mtu kwamba faida ni ya uhakika, mwangalie mikono."

Akanyanyuka, akajitazama kwenye kioo, akayapenda meno yake.

"Mkeo anarudi lini?"

"Jumamosi."

"Muuze farasi Jumanne," akasema.

Aliyeniuzia farasi yule anaitwa Hatamu. Ana mazizi nje kidogo ya mji, anafundisha watoto wa wenye nazo kupanda farasi, na harusini anakodisha gari la kukokotwa. Nikampigia simu.

"Nataka kukurudishia."

"Naweza kumchukua," akasema, "kwa theluthi ya bei."

"Wiki tatu zilizopita uliniambia ni farasi wa ukoo."

"Ukoo bado upo, ndugu yangu. Soko ndilo limeshuka. Halafu niletee cheti cha daktari wa mifugo, nisije nikauziwa mgonjwa."

Kuuziwa mgonjwa, na ni yeye aliyeniuzia. Nikamwita daktari wa mifugo.

Alikuja Jumanne, mama mmoja mfupi mwenye buti ndefu na glavu inayofika begani. Mama Saluni, jirani yangu wa ukutani, akaja kutazama. Hakuja kwa mapenzi. Siku ya pili tu baada ya kuingia uani kwangu, farasi alinyoosha shingo juu ya ukuta akala fungu la nywele za bandia zilizoanikwa kwenye kamba, za mteja aliyekuwa ameshalipia. Tangu hapo mimi na Mama Saluni tulisalimiana kwa mkato.

"Amenenepa," nikamwambia daktari kwa fahari kidogo. "Nampa pumba mara tatu kwa siku."

Daktari akaweka begi lake chini. Akapapasa tumbo, akaweka kipimo masikioni, akavaa ile glavu. Nikageukia ukutani. Aliporudi kunisemesha alikuwa anatabasamu.

"Hongera, baba."

"Ya nini?"

"Ana mimba. Kama miezi minane hivi."

"Haiwezekani. Hajatoka humu ndani."

Mama Saluni akaangua kicheko. Daktari akawa mvumilivu. "Umekaa naye muda gani?"

"Wiki tatu."

"Basi miezi minane iliyopita alikuwa kwa mwingine. Muulize huyo mwingine."

Sikuhitaji kuuliza. Kwa Hatamu kuna dume moja tu, jeusi, lenye vikombe vingi vya mashindano sebuleni kwa Hatamu kuliko mimi nilivyo na taya rafuni. Watu wanalipa ili majike yao yapelekwe kwake. Na Hatamu, kwa haraka ya kunipata mjinga, alikuwa amemuuza mama na mtoto kwa bei ya mmoja.

Nikampigia tena. "Cheti ninacho," nikamwambia, nikamsomea.

Nikasikia kiti kikisukumwa upande wa pili. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ndugu yangu, upo nyumbani? Nakuja."

Alikuja na matunda. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, nami kwenye kigoda, na Mama Saluni, ambaye hakualikwa, akaegemea mlango.

"Tuseme bei ile ile uliyonunulia," akaanza Hatamu.

Mimi nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema asante.

"Na mtoto?" akauliza Mama Saluni.

"Mtoto bado hajazaliwa, mama."

"Baba yake ana vikombe. Na pumba za wiki tatu? Na daktari? Na nywele zangu alizokula, ambazo sasa zimeingia kwenye damu ya huyo mtoto?"

Ilichukua saa moja na nusu. Mimi nilisema maneno matatu, mawili yakiwa "samahani." Hatamu alipoondoka na farasi wake, nilikuwa nimerudishiwa fedha zote, Mama Saluni amelipwa nywele, na ziada kidogo juu yake. Farasi aligeuka langoni akanitazama mara moja. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotegemea.

Jumatano nikaenda kwenye ofisi za mfuko, na barua ya idhini ambayo Mama Pacha aliniachia. Dada wa dirishani alikuwa na fomu ndefu.

"Malengo yako ya kuwekeza ni yapi?"

"Mke wangu asigundue."

Akanitazama, akaandika kitu. "Nimeandika: muda mrefu."

Nikamuuliza makato ya mwaka ni kiasi gani, kama Mzee alivyonituma, na kama mfuko unafuata orodha au kuna mtu ndani anayejifanya anajua kuchagua. Akasema unafuata orodha, na makato ni madogo kwa sababu hamlipi mtu wa kubahatisha. Nikatia saini kwa niaba ya Mama Pacha. Nikatoka pale nikitembea kama mmiliki wa kampuni mia tano. Nilipita mbele ya duka la simu, nikaona simu za kampuni moja ya kwenye orodha, nikaingia kumwambia muuzaji asiziweke juani.

Alhamisi faharisi ikaanguka.

Mzee alisema nisichungulie. Nilichungulia kwenye simu kabla ya chai, baada ya chai, na chai ikiwa mdomoni. Nilichungulia nikiyeyusha nta mpaka ikashika moto. Kila nikichungulia namba ni nyekundu. Mchana nilimpangia mteja meno, nilipomaliza nikahesabu nikakuta nimempa chonge tatu upande mmoja.

Nikampigia Mzee wa Benki.

"Imeanguka."

"Kiasi gani?"

"Asilimia mbili."

"Hiyo haijaanguka, imejikwaa."

"Mimi nafikiri niuze sasa. Halafu ikifika chini kabisa ninunue tena kwa bei rahisi."

"Utajuaje kwamba imefika chini?"

"Nitaiangalia. Nitaona tu."

Mzee akavuta pumzi. "Fundi, ulikaa na farasi siku ishirini na moja, uso kwa uso. Mimba ya miezi minane hukuiona."

Nikakata simu. Nikavuka kwa Mama Saluni, nikamkabidhi simu yangu, nikamwambia asinirudishie mpaka Jumamosi hata nikilia. Ijumaa saa nne nikalia kidogo. Hakunirudishia.

Jumamosi alasiri Mama Pacha akashuka na mabegi mawili. Nilikuwa nimefagia uani mara nne, nimemwaga dawa, nimefukia alama za kwato. Alisimama katikati ya ua, akavuta hewa.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Kwa nini nyumba yangu inanuka zizi?"

Wapo wanaume wenye kipaji cha uongo. Mimi si mmoja wao. Nikamwingiza karakana, nikamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nikamweleza yote tangu donge la kupimia mpaka chonge tatu. Sikuruka kitu, hata tandiko. Nilieleza nikitazama sakafu. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwa maneno atakayonitupia, na mengine nilikuwa nimeshamtungia.

Akaweka mkoba wake magotini.

"Kwa hiyo sasa ziko wapi?" akauliza.

"Kwenye faharisi. Zote, na ziada kidogo. Kwa jina lako."

"Zimeshuka?"

"Zilijikwaa. Mzee anasema tukae nazo miaka kumi."

Akafunika uso kwa viganja, akaanza kulia. Miaka thelathini na moja ya ndoa, nimemwona Mama Pacha akilia mara mbili, na zote zilikuwa misiba.

"Mama Pacha, farasi ameshaondoka. Nakuapia."

"Simlilii farasi," akasema. "Fedha nilizokupa zilikuwa nusu."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Nilikuogopa. Nilijua utafanya jambo."

"Nimelifanya."

"Ndiyo. Basi nusu nyingine nikaiweka mahali pa uhakika."

"Wapi?"

Akakunjakunja ncha ya kitenge chake. "Kwa mdogo wangu. Kwenye ile kampuni yake."

Shemeji yangu huyo ana miaka thelathini na minane na kadi za biashara za aina tisa.

"Kampuni yenyewe inafanya nini?" nikauliza taratibu.

"Kila nikimuuliza ananieleza, na kila akinieleza sielewi. Mambo ya mtandao. Aliniahidi asilimia kumi kila mwezi."

"Kila mwezi? Na wewe mwalimu wa hesabu?"

"Nilipiga hesabu, Baba Pacha. Nilizipiga mara tatu. Zilitoka vizuri mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Tangu Jumanne simu yake haipatikani. Nimepita ofisini kwake nikitoka stendi. Kuna kufuli jipya, na watu wengine kumi na mmoja wamekaa kwenye ngazi. Mmoja ni mwalimu mkuu wangu. Mimi ndiye niliyempeleka."

Hapo ningeweza kusema mengi. Wiki nzima nilikuwa mjinga peke yangu, na sasa nilikuwa na mwenzangu. Lakini nilimtazama pale kitini, chini ya taa ya kupimia watu meno, viatu vyake vina vumbi la safari, nikayaacha yote. Nikampa pamba safi afute macho. Nikamshika mkono.

"Tukijumlisha mambo yako na yangu," nikamwambia, "angalau nusu ipo."

"Nusu ipo," akasema, na akacheka kidogo ndani ya kilio.

Lango likagongwa. Si kugonga kwa mteja. Kugonga kwa kucha, kwa siri.

"Usinyanyuke," nikamwambia. Nikatoka.

Nilipofungua, alikuwa shemeji yangu. Ndevu za siku nne, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na kichwani amebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba.

"Shemeji," akanong'ona, "dada hajarudi, sivyo?"

Nikaliziba lango kwa mwili wangu.

"Nahitaji pa kulala siku mbili tatu. Sitawasumbua. Nimekuja na godoro langu."

Akalishusha pale langoni kwa kuhema. Nami kwa mazoea tu, maana mgeni hupokewa mzigo, nikainama nikashika upande mmoja wa kamba kumsaidia kuliingiza. Nimebeba magodoro mengi maishani, ya pamba na ya sponji. Hili kamba yake ilinizama vidoleni, godoro likanyanyuka kidogo tu, na ndani yake nikasikia mchakacho kama wa noti mpya.

Nikamtazama. Akatazama barabarani, kulia, kushoto.

"Taratibu, shemeji," akasema. "Usilifungue tu."

Nyuma yangu nikasikia mlango wa karakana ukifunguka, na viatu vya mwalimu wa hesabu vikija uani.